Bima ya macho isiishie kwenye fremu

Mhariri,

Mama yangu ameshavuka miaka 70, nasi tunamtafutia bima. Kila wakala anaanza na miwani: fremu ya bei gani, ibadilishwe lini. Kwa mzee hilo ni dogo. Miwani ya kusomea ipo hata Soko la Ngamiani. Ulizeni kama upasuaji wa mtoto wa jicho unalipiwa, pamoja na lenzi inayopandikizwa, na mtasubiri miezi mingapi. Kisha presha ya macho. Mwanzoni haiumi, na uoni uliopotea haurudi, kwa hiyo vipimo na matone ya kila siku lazima viwemo kwenye mkataba. Mama ana kisukari pia, ambacho nacho huweza kuharibu macho, na hapo mawakala wananyamaza! Nawasihi wenye kampuni waandike masharti kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mzee ajisomee kabla ya kutia saini.

Msomaji wenu,
Tanga