Dhabu si kenge, aachwe shimoni mwake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wetu walioko Oman na nchi jirani za Ghuba, ambao siku za mapumziko hufuatana na marafiki jangwani kuwinda dhabu, yule mjusi mkubwa wa jangwani mwenye mkia wa miiba, kisha wakarusha video mitandaoni wakijisifu kwamba wameua kenge.

Dhabu si kenge. Kenge hula nyama na mayai, ilhali dhabu aliyepevuka hula majani, maua na mbegu, wala hana habari na kuku wa mtu. Katika uwanda wa Jiddat al-Harasis, katikati ya Oman, niliwahi kukaa kimya karibu saa nzima kando ya shimo la mmoja wao. Alitoka jua lilipopanda, rangi yake imekoza kama mkaa, akajilaza juu ya changarawe, na kadiri alivyopata joto ndivyo alivyopauka hadi akafanana na mchanga. Puani alikuwa na utando mweupe, nao ni chumvi: maji huyapata katika majani anayokula, na chumvi inayozidi huitoa kwa tezi za pua, hivyo hapotezi maji mengi kwa mkojo. Niliposimama tu alijitosa shimoni, akaziba njia kwa mkia wake wa miiba.

Mkia huo humzuia adui wa kawaida, lakini hauzuii moshi. Wawindaji huunga mpira kwenye ekzosi ya gari, wakaupenyeza shimoni na kuacha injini ikinguruma mpaka mnyama atoke akipepesuka au afie humo humo. Nimelishuhudia hilo mara mbili, na mara zote mbili dhabu hawakuliwa. Walipigwa picha wakatupwa.

Najua nitaambiwa kuwa dhabu ni halali, na ni kweli: sahaba Khalid bin Walid alimla mbele ya Mtume (S.A.W.), ambaye mwenyewe hakumla kwa kuwa hakuwa mnyama wa nchi ya watu wake, wala hakumkataza Khalid. Aliyekula, alikula kitoweo. Huku kufukiza kiumbe anayechukua miaka kadhaa kabla ya kutaga, na ambaye tangu 1977 biashara yake inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kuna uhusiano gani na chakula?

Nawaomba masheikh wetu wanaodarisisha kwa Kiswahili walizungumzie jambo hili kabla baridi haijaisha, maana joto likirudi dhabu hutoka mashimoni, na magari nayo hutoka mjini.

Msomaji wenu,
Muscat, Oman