Makobazi si ndala

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme machache kuhusu milango ya kumbi za starehe hapa Dar es Salaam. Mimi ni fundi cherehani wa Magomeni. Nilianza kushika mkasi mwaka 1979, na nikipiga hesabu, suruali za kuchezea dansi nilizoshona zinazidi za kuendea kazini. Kwa hiyo habari ya nani kavaa nini ukumbini naijua kwa uzi na sindano.

Jumamosi mbili zilizopita mpwa wangu alitutoa out, kama wanavyosema wenyewe, mimi na mke wangu. Nilivaa shati la kitenge la mikono mirefu, suruali nyeusi iliyonyooshwa ikanyooka, na makobazi ya ngozi ya kutoka Pwani. Mlangoni baunsa akaniangalia miguu kabla ya uso. "Samahani mzee, ndala hazipiti." Nikamwambia, "Mwanangu, haya ni makobazi." Akasema, "Ni ndala za ngozi tu, mzee wangu." Mke wangu naye akaambiwa akunje khanga aliyojitanda begani aitie kwenye mkoba, eti khanga ni vazi la nyumbani. Nyuma yetu wakapita vijana wawili wenye jinzi zilizochanika magotini, zimechanwa kwa makusudi na kuuzwa ghali, bila kuulizwa neno. Hapo mpwa wangu akasogea, akamsalimia baunsa kwa mkono, na mkono ukakawia kidogo. Elfu tano. Makobazi yakawa viatu palepale.

Sipingi watu kuambiwa wavae vizuri. Ngoma za mjini hazijawahi kuachana na mavazi. Wazee wa ngoma ya beni, makundi ya Marini na Arinoti, walishindana kwa sare na vyeo kama jeshi kamili, na kupendeza ilikuwa nusu ya ushindi. Akina mama wa taarabu mpaka leo wanakata sare ya kundi zima kwenye jora moja; nimewahi kukesha siku tatu nikishona magauni 24 ya shughuli moja, yote rangi ya maembe. Na sisi wa dansi tulipokwenda kusikiliza bendi za Mlimani Park au JUWATA, hakuna aliyetuwekea ubao mlangoni, lakini ungeona aibu kuingia na shati halijapigwa pasi. Wachezaji ndio waliojiwekea sheria.

Sheria ikitoka kwa mtu asiyecheza, mambo huharibika. Wenye umri wanakumbuka Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1968 ili ianze Januari 1969: vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana vikapigwa marufuku. Wasichana walisumbuliwa na kupigwa hadharani Kariakoo na vijana waliojipa kazi ya kupima urefu wa sketi. Mwalimu aliyenifundisha kazi alikuwa akihadithia jinsi wateja walivyomletea suruali usiku azipanue. Miaka michache baadaye mitaa ikajaa bugaluu, suruali pana za chini, na wale wale walioambiwa suruali inabana wakaambiwa sasa imepwaya mno. Fundi anakula pande zote, sikatai.

Kama wenye kumbi wanataka sheria yenye akili, waanzie sakafuni. Viatu vya kufunika vidole vina maana mahali ambapo chupa huvunjika gizani na visigino vyembamba vinashuka kama sindano. Wangeniambia hivyo ningeelewa, ningerudi nyumbani kubadili. Raba nyeupe wanazozipokea kwa shangwe ndizo mbaya kwa kucheza: soli ya mpira inang'ang'ania sakafu, ukigeuka goti linabaki nyuma. Soli ya ngozi inateleza pamoja nawe. Suruali ya kubana nayo haifiki mwisho wa wimbo. Ndiyo maana suruali ya dansi mshono wa nyuma naupiga mara mbili, na mapajani naacha nafasi ya kuchuchumaa, kwa sababu chemko, sehemu ya wimbo yenye kasi, likianza, magitaa yakipandishana na tarumbeta zikajibu, hakuna anayekumbuka kwamba ana nguo ya kuazima.

Na sakafu yenyewe iko wapi? Tulipoingia nilitafuta pa kuchezea nikakosa. Meza zimepangwa mpaka miguuni mwa kijana anayepiga muziki, kila meza na bei yake, na mara kwa mara msafara wa wahudumu unapita na chupa zenye fataki juu huku watu wote wamenyanyua simu kupiga picha. Wanawake waliambiwa wanaingia bure mpaka saa nne, kisha wakabaki wamesimama ukutani, kwa sababu huna meza, huna pa kusimama. Wimbo unakatwa kabla haujafika kiitikio cha pili. Mimi na mke wangu tulicheza kwenye kijia cha kwendea msalani, tukipisha watu kila dakika. Tulicheza hivyo hivyo, hatukuja kukaa.

Usiku mzuri wa dansi hauhitaji makubwa. Kiingilio kinachojulikana kabla hujatoka nyumbani. Uwazi mbele ya jukwaa usiouzwa kwa mtu. Bendi inayoanza mapema, wimbo ukapewa nafasi ya kusimulia kisa chake taratibu, mwenzako umemshika, ndipo uchemke. Watu wa rika zote: mimi nilijifunza hatua kwa kumtazama mzee mmoja fundi baiskeli aliyekuwa akicheza peke yake pembeni, macho kafumba, glasi ya soda mkononi na haimwagiki. Leo mzee yule angeishia mlangoni. Na mwisho, muziki ufungwe wakati ambao mtu asiye na gari bado anaweza kufika Mbagala bila kulala kituoni.

Kwa sasa ombi langu kwa wenye kumbi ni dogo: sheria ya mavazi iandikwe kwenye tangazo lile lile lenye bei ya kiingilio, kwa Kiswahili, ikitaja makobazi na khanga kwa majina yake kama kweli havitakiwi, ili tujue tunakatazwa nini na tuamue wapi pa kupeleka hela zetu. Na baunsa wetu, kama naye husoma gazeti, mpwa wangu bado anasubiri risiti ya elfu tano.

Fundi cherehani,
Magomeni, Dar es Salaam