Sukari iwekwe mezani, si sufuriani

Mhariri,

Huu ni mwezi wa tatu tangu niache sukari ya kuongezwa, na kinachonisumbua si hamu bali ni chupa ya chai. Vibanda ninavyokula hapa Kawangware hutia sukari sufuriani chai ikiwa bado jikoni. Ukiomba isiyo na sukari, mama anakutazama kwa huruma: "Kwani una kisukari, mwanangu?" Sina. Nataka tu kujipimia mwenyewe.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya aina hii isifike asilimia 10 ya nishati tunayopata kwa siku. Chini ya asilimia 5, yaani vijiko 6 hivi vya chai, ni bora zaidi. Soda ya kawaida ya nusu lita huipita hesabu hiyo mara mbili.

Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma na nikawa mkali nyumbani (mke wangu ni shahidi). Siku hizi asubuhi ni nduma badala ya mandazi, na tangawizi ndani ya chai naisikia kweli.

Enyi wenye vibanda, tuwekeeni kopo la sukari mezani, kila mtu ajikorogee.

Mnywaji chai,
Kawangware, Nairobi