Jenomu ya inzi mweupe na muhogo wangu uliooza

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nasoma na kunyamaza, lakini ile habari yenu ya inzi weupe, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, imenishinda. Mliandika kwamba wanasayansi wamesoma vinasaba vyote vya mdudu huyo, yaani jenomu yake, kwa hiyo mwisho wa batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa ya virusi ya muhogo anayoyaeneza, umekaribia. Umekaribia kwa nani?

Hata inzi mwenyewe hamkusema ni yupi. Inzi weupe ni kundi la spishi zinazofanana mno kwa macho. Jenomu iliyotoka 2016 ni ya yule anayehangaisha wakulima wa nyanya na pamba. Ya inzi wa muhogo wa Afrika ilifuata 2019. Kazi hiyo naiheshimu. Mwaka 2021 watafiti wa China walionyesha kwamba inzi mweupe ana jeni, yaani kinasaba, iliyotoka kwenye mmea, na anaitumia kuzima sumu ambazo mimea hujikinga nazo. Ni jambo kubwa. Lakini michirizi ya kahawia ilielezwa kitaalamu kule Amani, Usambara, tangu 1936, na mpaka leo mkulima ananunua mbegu kwa kubahatisha.

Mimi nilinunua pingili, yaani vipande vya mti wa muhogo vya kupanda, za ekari mbili kwa mfanyabiashara aliyekuja na pikapu. Miti minene, macho mazuri. Ikachipua, majani mapana, hayana bato wala mkunjo, wapita njia wakanisifu. Mwezi wa kumi na moja tangu kupanda nikaita mnunuzi. Mama yangu ndiye aliyekata muhogo wa kwanza. Nje ganda zima kabisa. Ndani mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Akakata wa pili, wa tatu, wa kumi. Akaniambia, "Mwanangu, huu umeoza umesimama." Mnunuzi akakunja magunia yake akaondoka, nami nikabaki na lundo ambalo hata makopa halifai. Hiyo ndiyo michirizi ya kahawia. Inzi hubeba virusi vya michirizi kwa muda mfupi tu na hafiki navyo mbali. Aliyevivusha kutoka mkoa hadi mkoa ni ile pikapu, na habari yenu haikuwa na neno hata moja juu ya pingili!

Tena kuna hawa wauza dawa. Nilipoeleza shida yangu dukani niliuziwa chupa ileile ambayo jirani aliuziwa kwa viwavijeshi. Mmea ukishaingiwa na virusi, hakuna cha kupulizia kitakachovitoa. Bwana shamba angetuambia hivyo, lakini kijijini kwetu hajaonekana misimu miwili.

Ninachotaka ni hiki. Kila kata iwe na nusu ekari ya mbegu safi, mbali na mihogo ya zamani, ikaguliwe mwezi wa 3, wa 6 na wa 9 tangu kupandwa. Kabla ya kuuza hata pingili moja, mashina kumi yang'olewe mbele ya wanakijiji, na kila muhogo ukatwe vipande vitano. Gari linalobeba mbegu liandikwe ubavuni jina la shamba zilikotoka, kwa herufi za kusomeka barabarani.

Siku ya ukaguzi mtumeni mwandishi wenu. Kisu nitampa mimi, akate mwenyewe.

Mkulima wa muhogo,
Mkoa wa Pwani