Boksi la Picha za Watu Wenye Panga: Usilichome, Tuletee Lilivyo

Simu ya namna hii huwa naipokea mara kwa mara hapa dukani kwangu Columbus, Ohio, ninapouza na kuskani picha za zamani. Mtu kanunua kabati kuukuu, au alikuwa akimtunza mzee wa Kimarekani na baada ya msiba familia ikamwachia vitu vya darini, na ndani yake kuna boksi. Analifungua: wanaume thelathini wamejipanga kwenye ngazi, kofia zina manyoya ya mbuni, panga kiunoni, aproni, jicho moja limechorwa ukutani, fuvu liko mezani. Sauti inashuka kwenye simu. "Kaka, hawa si Frimasoni hawa? Nitupe?"

Usitupe. Na tafadhali, usichome.

Mwaka jana mama mmoja aliniletea picha kumi na moja za aina hiyo, safi kabisa. Nikamuuliza kama zilikuwa na karatasi zozote. Akasema ndiyo, kulikuwa na daftari kubwa jeusi la kuandikwa kwa mkono, pamoja na riboni kadhaa, ila hivyo aliviona vya kishirikina akavitia moto nyuma ya nyumba, huku anasali. Sasa, majina yalikuwa kwenye lile daftari. Picha ninazo hadi leo, na wale kumi na wanane waliokaa mstari wa mbele sitawajua kamwe.

Frimasoni walikuwepo, ni kweli, lakini walikuwa chama kimoja kati ya vingi. Ninachokutana nacho sana ni Odd Fellows, walioanzishwa Marekani na Thomas Wildey mjini Baltimore mwaka 1819. Alama yao ni pete tatu za mnyororo zenye herufi F, L na T, yaani urafiki, upendo na ukweli. Wajibu wao waliuandika wazi: kutembelea wagonjwa, kusaidia wenye dhiki, kuzika wafu na kusomesha yatima. Ukitoka Tanga au Bukavu huhitaji kuelezwa zaidi. Ni chama cha kufa na kuzikana, ila wenyewe walipenda sare.

Mwaka 1868 huko Meadville, Pennsylvania, mfanyakazi wa reli aitwaye John Jordan Upchurch alianzisha chama cha Ancient Order of United Workmen. Akifa mwanachama, kila aliyebaki anatoa dola moja, na familia ya marehemu inapata hadi dola 2,000. Sheria ya mafao ya uzeeni ya serikali ilikuja mwaka 1935. Kabla ya hapo fundi akianguka kutoka kwenye paa, mara nyingi mjane wake alitegemea wale wenye manyoya kichwani.

Riboni moja iko mezani kwangu hapa ninapoandika. Mbele ni hariri nyekundu, jina la tawi kwa herufi za dhahabu, chini yananing'inia matamvua ya nyuzi za dhahabu, juu kuna pini yenye picha ndogo ya mikono miwili iliyoshikana. Igeuze. Nyuma ni nyeusi tupu, maandishi ya rangi ya fedha: In Memoriam. Siku ya gwaride aliivaa upande wa rangi, siku ya mazishi aliigeuza. Riboni moja, shughuli mbili. Nyingi zilitengenezwa na kampuni ya Whitehead & Hoag ya Newark, New Jersey, na ukitazama vizuri utakuta jina lao limeandikwa kwa herufi ndogo mno. Panga na sare nyingi zilitoka hapa hapa Columbus, kwa kampuni ya M. C. Lilley.

Angalizo: hariri ya miaka ile mara nyingi ilitiwa chumvi za madini ili iwe nzito, na hizo chumvi ndizo zinazoila leo. Ukiikunja, inakatika kama jani kavu. Ilaze bapa, basi.

Halafu soma herufi. I.O.O.F. (Independent Order of Odd Fellows) ni Odd Fellows waliowakataa watu weusi. Ukiona G.U.O. of O.F. (Grand United Order of Odd Fellows), shika boksi kwa mikono miwili. Hao ni Odd Fellows weusi. Peter Ogden, aliyekuwa mhudumu melini, aliwapatia kibali moja kwa moja kutoka Uingereza mwaka 1843, baada ya wazungu wa Marekani kuwafungia mlango. Vivyo hivyo chama cha weusi cha St. Luke cha Richmond, Virginia, ambacho chini ya Maggie Lena Walker kilifungua benki mwaka 1903. Vitu vya vyama hivi ni adimu kuliko vya wazungu, makumbusho yanavitafuta, na mimi siuzi kabla ya mwenye navyo kujua ameshika nini. Kama kuna mtu amekupa dola ishirini kwa boksi zima, mwambie utamjibu kesho.

Picha nyingine zinatisha bure. Mtu amefungwa kitambaa machoni amepanda mbuzi wa magurudumu? Huo ni utani wa kumkaribisha mwanachama mpya. Kampuni ya ndugu wa DeMoulin huko Greenville, Illinois, ilikuwa na katalogi nzima ya mbuzi hao. Majoho na vinyago navyo vyama vingi vilitumia kwenye maigizo yao ya ndani. Picha za Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, zipo pia, sifichi. Hizo siziuzi, nitakuelekeza kwenye hifadhi ya nyaraka. Mifupa halisi je? Odd Fellows walikuwa nayo kwenye kumbi zao, na mafundi wa ujenzi huikuta ukutani hadi leo. Hapo piga simu polisi kwanza, mimi baadaye.

Kabla ya kuja, mambo machache. Usifute picha kwa kitambaa chenye maji, hasa zile za bati, zitashika kutu. Zilizogandia kwenye albamu ya kurasa za gundi usizing'oe, mimi huzipitishia uzi wa kusafishia meno taratibu kwa nyuma. Usizipeleke kuwekwa leminesheni. Zile za kadi ngumu huwa na jina la studio na mji chini yake, na huo ndio mwanzo wa kumtafuta mwenye sura. Zilizochapwa kama postikadi, geuza: kwenye kona ya stempu, neno AZO (jina la karatasi ya picha) lenye pembetatu nne zote zikitazama juu ni kati ya 1904 na 1918 hivi, mbili juu na mbili chini ni baada ya hapo hadi 1930.

Kukutazamia boksi ni bure. Kuskani natoza kwa picha, pande zote mbili, maana nyuma mara nyingi ndiko kuna habari. Ukitaka kuuza nitakuambia bei ninayoona mimi na sababu yake, na ukaamua kubaki nazo hatugombani.

Niko dukani Jumanne hadi Jumamosi. Njoo na vyote, hata risiti za ada ya senti hamsini, hata bahasha tupu, hata kile kikamba kilichofungia barua.