Kwa wanawake wa chama chetu cha akiba, sokoni Arua

Wadogo zangu na mabinti zangu,

Salamu. Nimenyamaza mkutano baada ya mkutano, sauti zikipanda kwa faini ya shilingi 2,000. Mmoja wenu ameacha kuja. Mwingine anasema amerogwa. Wa tatu, mumewe alinifuata kuniuliza kama mkewe ana mwanamume wa nje, maana hataki kuguswa wala kusemeshwa. Nawatazama: karibu nyote mko kati ya miaka 45 na 55. Sioni uchawi wala mwanamume. Naona hedhi inakata.

Haikati siku moja. Kwa miaka kadhaa homoni ya estrojeni hupanda na kushuka ovyo, nayo ina mkono wake katika serotonini, kemikali ya ubongo inayotuliza moyo. Usiku joto la ghafla linakuja, shuka linalowa, usingizi unaruka. Asubuhi mteja akiomba chenji unamwona adui. Husemwa hedhi imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila damu. Kabla ya hapo mimba bado huingia, msijidanganye. Na damu ikirudi baada ya miezi hiyo, hata tone, nenda hospitali wiki hiyo hiyo.

Sasa chakula, na hapa nawagombeza. Mnafungua meza alfajiri kwa chai yenye vijiko vinne vya sukari na mandazi, kisha hamli tena hadi saa tisa. Sukari ya damu inapanda haraka na kushuka haraka. Saa nne mikono inatetemeka na ulimi unachoma watu. Kula yai la kuchemsha, au maharage yaliyobaki jana, au uji uliotiwa simsim. Enyasa, ugali wetu, siwakatazi, ni chakula chetu, ila kando yake pawe na samaki angara wa karanga au mukene, yaani dagaa, anayeliwa mzima na mifupa yake. Mifupa yetu nayo inaanza kulegea umri huu.

Kuna jambo ambalo wengi hawalihesabu. Kabla ya kukata, damu ya baadhi yetu hutoka nyingi kupita kiasi, na mwili ukipungukiwa madini ya chuma unachoka, unakasirika, unahema kwa ngazi tatu tu. Kula dodo, yaani mchicha, maharage, maini ukiweza, na kamulia ndimu. Chai iache isubiri saa nzima baada ya mlo, kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini. Anayelowesha kitambaa kila saa asikae nyumbani kula dodo, apimwe damu.

Soya wanayoisifu kwa joto la ghafla huwasaidia wengine kidogo, wengine haiwafanyii kitu. Nyweni uji wake kwa ajili ya protini, na vile vidonge vya yule mchuuzi anayetangaza kwa spika mwachieni mwenyewe. Wanaoonja waragi, ile pombe kali, ili walale: usingizi wake hukatika saa nane usiku, na joto linazidi.

Halafu tukimbie. Ndiyo, sisi. Dorcus Inzikuru ni binti wa hapa kwetu. Mwaka 2005 alitwaa ubingwa wa dunia Helsinki katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Tulimshangilia. Lakini mama wa miaka 50 akivaa raba watu wanauliza nani amefariki! Waulize tu.

Kukimbia hakuahidi kuondoa joto la ghafla. Kunachosaidia ni moyo na usingizi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za makali. Sisi tutaanza kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili, kwa kasi inayokuruhusu kumsengenya mtu bila kukata pumzi. Raba za mitumba zinatosha kama kisigino hakijaliwa. Sidiria iwe ya kubana. Gauni refu na hijabu havizuii kitu, vaa suruali laini ndani. Na mkojo ukiponyoka ukikimbia, si wewe peke yako: kaza misuli ya chini kama unayezuia haja ndogo, hesabu hadi tano, achia, rudia mara kadhaa kila siku. Mkojo usipoacha kuponyoka, mwambie mkunga.

Tutaanza Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, kwenye uwanja wa shule. Barabara ya Vurra hapana, malori ya Congo hayatungoji. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua apimwe kwanza.

Aliyeshikwa na huzuni wiki mbili mfululizo, asiyefurahia kitu, au anayewaza kujidhuru, huyo raba hazimtoshi. Aje kwangu hata usiku. Tutakwenda pamoja hospitali ya rufaa, na meza yake mtaiangalia kwa zamu.

Shangazi yenu wa safu ya unga