Kilimani hakuwepo Chamberlain peke yake

Ndugu Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuandika neno, ila makala yenu juu ya mapigano ya Gettysburg, ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, imenishinda kunyamazia. Mmemsifu Kanali Chamberlain wa jeshi la Kaskazini na vijana wake wa Maine kana kwamba kilima cha Little Round Top walikilinda peke yao. Walishika upande wa kushoto, tena kishujaa, sikatai. Kulia alikuwepo nani?

Alikuwepo Kanali Patrick O'Rorke, mzaliwa wa Ireland, aliyekulia hapa Rochester ninapoishi. Mhamiaji huyu alichonga mawe kabla ya kuingia West Point, chuo cha maafisa wa jeshi, na mwaka 1861 akahitimu wa kwanza darasani kwake. Tarehe 2 Julai 1863 askari wa Texas, wa jeshi la Kusini, walikuwa karibu kuuvunja mstari wa wenzake wa Michigan pale Jenerali Warren wa Kaskazini alipomjia mbio kuomba msaada. O'Rorke hakungoja ruhusa ya mkuu wa brigedi. Aliipandisha rejimenti ya 140 ya New York, bunduki hazina risasi, singe hazijachomekwa, akaruka toka farasini na kushuka mbele yao kwenye yale majabali, upanga mkononi. Risasi ikampata shingoni, akafa. Vijana wake wakaushika mstari.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu kilimani. Kwenye mnara wa rejimenti kuna sura ya O'Rorke ya shaba, pua inang'aa kwa kuguswa na watalii wanaotafuta bahati. Nikamuuliza mwongoza watalii aliyesimama pale huyu ni nani. "Afisa mmoja wa New York," akajibu, kisha akalivusha kundi lake kwenda kwa watu wa Maine. Binti akaniuliza mbona wanamshika pua mtu wasiyemjua hata jina. Nilikosa jibu, na hasira ile ninayo hadi leo, kwa sababu kazini nasikia kila siku kwamba wahamiaji tumekuja kula tu!

Na sisi Waswahili wa huku hatuna nafuu. Sherehe zetu zinajaa wagombea wa siasa, lakini watoto wetu waliovaa sare za jeshi la nchi hii hawapewi hata kipaza sauti.

Basi tarehe 2 Julai ijayo wekeni ile sura ya shaba ukurasa wa kwanza, na jina lake lote. Mwandishi wenu aje makaburi ya Holy Sepulchre, Lake Avenue, alikozikwa O'Rorke, alipige picha kaburi lake. Nitampeleka mwenyewe, Jumapili yoyote baada ya misa.

Msomaji wenu,
Rochester, New York